Korona kwa mgonjwa wa dayalisisi: dawa zipi za kutuliza mcharuko zinamfaa, na zipi zikae mbali naye

Mtu anayesafishwa damu kwa mashine haugui korona kama wengine. Wengine waliambiwa wakae nyumbani, wajitenge, wasubiri. Yeye hana namna ya kujitenga: mara 3 kwa wiki, saa 4 kila mara, lazima afike kitengoni na kuketi karibu na wenzake ambao nao figo zao zimekufa. Akikosa vikao viwili mfululizo, potasiamu na maji vinaweza kumuua kabla ya kirusi. Na kirusi chenyewe kilimkuta pabaya. Katika rejista ya wagonjwa wa figo ya Ulaya, mwaka 2020, walihesabiwa wagonjwa 3,285 wa dayalisisi walioambukizwa. Katika kila 100, korona iliua 20 ndani ya siku 28.

Jambo linaloniuma ni hili: karibu nusu ya majaribio ya dawa za korona yaliyosajiliwa mwanzoni mwa janga yaliwafungia mlango watu wenye ugonjwa wa figo. Waliokuwa wakifa zaidi ndio waliopimwa kidogo. Kwa hiyo anayechagua dawa kwa ajili ya mgonjwa huyu hawezi kuchukua matokeo ya jaribio na kuyabandika juu yake hivi hivi. Kabla ya kuuliza dawa inaokoa wangapi, aulize mawili: inatoka mwilini kwa njia gani, na je, watu kama huyu walikuwemo ilipojaribiwa? Ulinganisho huu wote nimeujenga juu ya maswali hayo mawili.

Neno mcharuko nalitumia kwa makusudi. Vipeperushi vya dawa husema "uvimbe", lakini mgonjwa wa dayalisisi akisikia uvimbe hutazama miguu yake na kufikiria maji. Hapa simaanishi maji. Namaanisha kinga ya mwili iliyocharuka, kama moto uliowashwa kuchoma takataka ukaruka ua na kushika paa. Katika korona kali paa hilo ni mapafu, na huwaka zaidi katika wiki ya pili, wakati kirusi chenyewe kimeanza kupungua. Dawa zote ninazolinganisha kazi yake ni kuuzima moto huo. Hakuna hata moja inayoua kirusi.

Tena kwa mtu wa dayalisisi moto haukuanza na korona. Taka zilizobaki kwenye damu, katheta (mpira wa kupitishia damu kwenda kwenye mashine) iliyokaa shingoni kwa miezi, na damu kupitishwa kwenye mirija na kichujio kikao baada ya kikao, vyote huichokoza kinga polepole mwaka mzima. Wengi wana CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha mcharuko, iliyo juu kidogo hata siku wanayojisikia vizuri. Ajabu ni kwamba kinga hiyo hiyo hulegea inapohitajika: chanjo huwajengea kinga ndogo kuliko watu wengine, na bakteria huwaingia kwa urahisi. Ukiituliza kupita kiasi, umewafungulia bakteria mlango.

Kwanza, anahitaji oksijeni?

Swali hili hutangulia jina la dawa yoyote. Jaribio la RECOVERY la Uingereza, lililoongozwa na Peter Horby na Martin Landray wa Chuo Kikuu cha Oxford, lilitangaza matokeo ya deksamethasoni tarehe 16 Juni 2020. Dozi ilikuwa miligramu 6 kwa siku, isiyozidi siku 10. Kwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, vifo vilishuka kutoka asilimia 41.4 hadi 29.3. Kwa waliokuwa wakipewa oksijeni bila mashine hiyo, vilishuka kutoka 26.2 hadi 23.3. Wasiohitaji oksijeni hawakupata faida: waliopewa dawa walikufa asilimia 17.8, wasiopewa asilimia 14.0. Tofauti hiyo ya mwisho ingeweza kuwa ya bahati tu, lakini imeelekea upande mbaya.

Basi mgonjwa aliyefika kikaoni na homa na kikohozi, kidole kikapimwa na oksijeni ikasoma asilimia 97, hahitaji steroidi kama deksamethasoni. Yupo kwenye siku za kirusi, bado hajafika kwenye siku za mcharuko. Linalomfaa ni dawa ya kupambana na kirusi, na hapo pia wagonjwa wa figo walicheleweshwa sana: Marekani iliruhusu remdesiviri itumike kwa watu wa dayalisisi, bila kupunguza dozi, Julai 2023. Mwanzoni mwa ugonjwa, kumpa mtu deksamethasoni "ili tuwahi" ni kuinyima kinga yake nafasi ya kufanya kazi ambayo hakuna mwingine wa kuifanya.

Yanayofuata yanamhusu aliyelazwa, ambaye oksijeni imeanza kumshuka.

Deksamethasoni na tosilizumabu

Naanza na hizi mbili kwa sababu ndizo ambazo daktari anaweza kuziandika bila kukokotoa kwanza uwezo wa figo.

Deksamethasoni huvunjwa na ini. Sehemu yake kubwa husafiri ikiwa imeng'ang'ania protini za damu, kwa hiyo kichujio cha mashine hakiipati kwa wingi. Kwa muuguzi maana yake ni hii: dozi haipunguzwi, wala hakuna haja ya kuhangaika kama imetolewa kabla ya kikao au baada yake. Iweke kando ya methilipredinisoloni, steroidi ya ukoo uleule, ambayo mashine huiondoa kiasi. Ukimdunga mgonjwa asubuhi kisha ukamuunganisha na mashine saa moja baadaye, sehemu ya dawa imekwenda na maji machafu. Pasipo na deksamethasoni, hiyo nyingine inaweza kutumika, ila itolewe kikao kikiisha.

Je, watu wa figo walikuwemo? Walikuwemo. Karibu 8 katika kila 100 wa jaribio lile la deksamethasoni walikuwa na figo zilizodhoofika sana. Si wengi, na si wote waliokuwa kwenye mashine ya dayalisisi, lakini mlango haukufungwa. Isitoshe ni dawa ya tangu miaka ya 1950, ya bei ndogo, inayopatikana kwa vidonge na kwa sindano.

Madhara yake yanajulikana, na kwa mgonjwa huyu moja linahitaji macho zaidi ya mengine: sukari. Wengi walio kwenye dayalisisi waliharibiwa figo na kisukari. Deksamethasoni hupandisha sukari ndani ya siku moja au mbili, na insulini huongezwa. Mtego upo mbele. Figo ni miongoni mwa viungo vinavyoondoa insulini mwilini, na zikiwa zimekufa insulini hukaa muda mrefu zaidi. Siku ya 11 deksamethasoni imesimamishwa, dozi ya insulini haijarudishwa chini, na mgonjwa anaporomoka sukari usiku akiwa amelala, jirani wa kitanda akidhani amechoka tu. Kwa hiyo anayeandika deksamethasoni kwa mgonjwa wa kisukari aliye kwenye dayalisisi aandike siku hiyo hiyo, kwenye faili hilo hilo, ni lini insulini itapunguzwa na nani atapima.

Steroidi pia huvunja misuli, na misuli inayovunjika humwaga urea na potasiamu kwenye damu. Kwa mtu mwenye figo nzima hilo halionekani. Kwa huyu linaonekana kikao kijacho. Baadhi ya vitengo wakati wa janga vilifupisha vikao ili kupunguza msongamano. Mgonjwa aliye kwenye deksamethasoni ndiye wa mwisho ninayeweza kukubali afupishiwe. Na mtu aliyeishi sehemu zenye minyoo ya strongiloidi, ambayo hukaa tumboni miaka kwa kimya, apewe dawa ya minyoo hiyo, kwa sababu steroidi huweza kuiachilia isambae mwili mzima.

Tosilizumabu ni dawa ya namna nyingine kabisa. Ni kingamwili iliyotengenezwa maabara, hudungwa mshipani, na kazi yake ni kuziba kipokezi cha intalukini-6, mojawapo ya wajumbe wanaopeleka habari za kuucharua mwili. Chembe yake ni kubwa mno kupita kwenye tundu za kichujio, na mwili huivunja kama unavyovunja protini zake zenyewe, bila kuzitegemea figo. Kwa swali la kwanza, basi, inakaa vizuri kama deksamethasoni.

RECOVERY iliijaribu kwa watu 4,116 waliokuwa na upungufu wa oksijeni na CRP ya miligramu 75 kwa lita au zaidi. Waliopata huduma ya kawaida walikufa asilimia 35. Walioongezewa tosilizumabu, asilimia 31. Jambo la kuzingatia ni kwamba asilimia 82 ya watu hao walikuwa tayari wanapata steroidi. Faida ya tosilizumabu ilipatikana juu ya steroidi, si mahali pa steroidi. Jaribio jingine, REMAP-CAP, lililowachukua waliokuwa mahututi, lilionyesha jambo hilo hilo: vifo hospitalini vilikuwa asilimia 28 kwa waliopata tosilizumabu na karibu 36 kwa wasioipata. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa wagonjwa mahututi na wenye korona kali Julai 2021.

RECOVERY iliripoti pia kwamba tosilizumabu ilipunguza idadi ya waliolazimika kuanza kusafishwa damu, kutoka asilimia 8 hadi 6. Nimeona hoja hiyo ikitumiwa kama sifa ya dawa kwa wagonjwa wa figo. Kwa mwenye figo zinazoyumba ni sifa kweli. Kwa aliye kwenye mashine miaka 5 haina maana yoyote, wala isiingizwe kwenye uamuzi wake.

Kinachonitia shaka kuhusu tosilizumabu kwa mtu wa dayalisisi ni katheta. CRP ya 75 ndiyo iliyokuwa tiketi ya kuingia kwenye jaribio. Kwa mtu ambaye CRP yake iko juu kila siku, na ambaye ana mpira shingoni, namba 110 inaweza kuwa korona, inaweza kuwa bakteria kwenye katheta, inaweza kuwa vyote viwili. Ukishamdunga, CRP inaanguka hata kama bakteria bado wapo, homa inaweza isionekane, na hali hiyo hudumu wiki kadhaa. Umezima king'ora, moto uko palepale. Kwa hiyo kabla ya sindano damu ioteshwe maabara, kutoka kwenye katheta na kutoka kwenye mshipa. Mwenye fistula ya mkononi, yaani mishipa iliyounganishwa kwa upasuaji badala ya katheta, nina wasiwasi naye mdogo zaidi. Virusi vya homa ya ini B na kifua kikuu kilicholala navyo vichunguzwe. Hali ya homa ya ini B kwa kawaida kitengo cha dayalisisi huijua tayari, kwa sababu huamua mgonjwa aketi mashine ipi.

Nikiziweka pamoja: deksamethasoni kwa kila mgonjwa wa dayalisisi aliyefikia kuhitaji oksijeni. Tosilizumabu iongezwe pale ambapo mahitaji ya oksijeni yanazidi kupanda licha ya steroidi, CRP iko juu zaidi ya kawaida yake mwenyewe (si kawaida ya kitabuni), na katheta haishukiwi. Ikikosekana, au bei yake ikishindikana, mgonjwa hajaachwa mikono mitupu, kwa sababu nguzo kuu tayari anayo.

Kuna kishawishi kingine: kama tosilizumabu haipo, kwa nini tusiongeze deksamethasoni maradufu? RECOVERY ilijaribu hilo pia. Kwa wagonjwa waliokuwa wakipewa oksijeni ya kawaida tu, bila msaada wa mashine ya kupumulia, au wasiopewa oksijeni kabisa, waliopewa dozi kubwa walikufa asilimia 19, na wenzao wa dozi ya kawaida asilimia 12. Kundi hilo lilisimamishwa Mei 2022. Miligramu 6 zibaki 6.

Barisitinibu na anakinra: figo zinapoingia kwenye hesabu

Kwa mtu mwenye figo nzima, barisitinibu ni mshindani mzuri wa tosilizumabu. Ni kidonge, hakihitaji sindano wala friji. Katika jaribio la COV-BARRIER, lenye watu 1,525, vifo vya siku 28 vilikuwa asilimia 8.1 kwa walioipata na 13.1 kwa waliopewa plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani. RECOVERY, ikiwa na watu 8,156, ilipata tofauti ndogo lakini ya kweli: asilimia 12 dhidi ya 14. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza Januari 2022.

Kwa mtu wa dayalisisi hadithi inabadilika. Barisitinibu hutoka kwa wingi kupitia mkojo. Dozi ya kawaida ni miligramu 4. Uwezo wa figo kuchuja ukishuka chini ya mililita 60 kwa dakika, dozi hupunguzwa hadi 2, chini ya 30 hadi 1, na chini ya 15, au kwa aliye kwenye mashine, maelekezo ya Marekani yanasema isitumike. COV-BARRIER haikuwachukua watu wenye figo chini ya 30. Hivyo kwa maswali yangu yote mawili jibu halimfai mgonjwa huyu. Zile asilimia 8.1 na 13.1 zinawahusu watu wengine. Kumpa mgonjwa wa dayalisisi nusu kidonge kwa kubahatisha si kumsaidia; ni kumfanyia jaribio asilolijua, lisilo na mtu wa kuandika matokeo.

Anakinra iko katikati. Huzuia intalukini-1, hudungwa chini ya ngozi kila siku, na jaribio la SAVE-MORE la Ugiriki na Italia, kwa watu 594, lilionyesha vifo vya asilimia 3.2 dhidi ya 6.9. Nayo hutolewa na figo, na mashine haiiondoi kwa kiasi cha maana, ila kuna uzoefu wa miaka mingi wa kuitumia kwa baridi yabisi ya viungo, na maelekezo yake yanashauri kuidunga siku moja na kuacha moja kwa wenye figo zilizokufa. Ugumu uko kwenye kipimo kilichochagua wagonjwa. SAVE-MORE iliwachukua wenye suPAR, kipimo kingine cha damu cha mcharuko, ya nanogramu 6 kwa mililita au zaidi, na suPAR hupanda kwa wenye ugonjwa sugu wa figo hata bila korona. Kwa huyu wetu kipimo hicho hakitenganishi chochote. Na REMAP-CAP, kwa wagonjwa mahututi, haikuona faida ya anakinra. Ningeiweka kwenye orodha ya akiba, kwa mkono wa daktari wa figo na wa maambukizi wakikubaliana, si zaidi.

Kolkisini

Hii naiandikia kwa nguvu zaidi kwa sababu ni ya bei ndogo, iko kwenye maduka mengi ya dawa, na wagonjwa wengi wa figo wanaijua kutokana na gauti (jongo). Mwaka 2021 jaribio la COLCORONA, lililoongozwa na Taasisi ya Moyo ya Montreal, liliwapa wagonjwa wa korona wasiolazwa miligramu 0.5 mara mbili kwa siku kwa siku 3, kisha mara moja kwa siku 27. Watu 4,488 walishiriki. Waliolazwa au kufa walikuwa asilimia 4.7 kwa upande wa dawa na 5.8 upande wa plasebo, tofauti ambayo haikutosha kuthibitisha kitu. RECOVERY ikafuata na watu 11,340 waliolazwa: asilimia 21 walikufa upande wa kolkisini, asilimia 21 upande wa pili. Sawa kabisa.

Sasa zipige hesabu dozi. Siku 30 za COLCORONA ni miligramu 16.5. Maelekezo ya Marekani ya kolkisini kwa gauti iliyowaka kwa mtu wa dayalisisi ni miligramu 0.6, mara moja tu, isirudiwe kabla ya wiki 2. Kwa mwezi ni miligramu 1.2, au 1.8 kwa mbali. COLCORONA haikuwachukua wenye figo zilizodhoofika sana, na ndiyo sababu: mashine haiondoi kolkisini. Ikijaa mwilini hulegeza misuli hadi mtu asiweze kuinuka kwenye kiti, na huukausha uboho wa mifupa hadi chembe nyeupe za damu ziishe. Antibiotiki ya klarithromaisini huzidisha kiwango chake kwenye damu. Ritonaviri, iliyomo kwenye dawa mojawapo ya kuzuia kirusi, hufanya vivyo hivyo, na kwa mwenye figo zilizokufa mchanganyiko huo umekatazwa moja kwa moja.

Faida haikuonekana, na hatari kwa mgonjwa huyu ni kubwa kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Hapa sioni cha kuchagua.

Za homa, na ya kuvuta kwa mdomo

Ibuprofeni na wenzake ni dawa za kutuliza mcharuko pia, na Machi 2020 waziri wa afya wa Ufaransa, Olivier Véran, alionya kwamba zinaweza kuzidisha korona. Uchunguzi mkubwa wa hospitali za Uingereza baadaye haukuona kwamba waliozitumia walikufa zaidi. Lakini mgonjwa wa dayalisisi ana sababu zake za kuziacha, zilizokuwepo kabla ya korona: hupewa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kikaoni, na ibuprofeni huchubua tumbo, kwa hiyo damu huvuja, na yule ambaye bado anapata mkojo kidogo anaweza kuupoteza. Mkojo huo mdogo ni hazina. Parasetamoli inatosha kwa homa.

Budesonidi, steroidi ya kuvuta kwa mdomo, katika jaribio la PRINCIPLE la Uingereza, iliwafanya wagonjwa wa nyumbani wajisikie wamepona karibu siku 3 mapema. Kiasi kinachoingia kwenye damu ni kidogo, figo hazihusiki sana. Kwa mgonjwa asiyehitaji oksijeni naiona haina ubaya, ingawa ritonaviri huipandisha kwenye damu nayo.

Kupewa dawa inayojulikana, au kuingia kwenye jaribio?

Hapa kuna uchaguzi mwingine, na familia nyingi huuogopa kuliko wa dawa yenyewe. Daktari anakuja na karatasi, anasema kuna dawa mpya ya kutuliza mcharuko inayojaribiwa kwa wagonjwa wa dayalisisi, je, mtakubali?

Watu husikia "jaribio" wakafikiria mgonjwa ananyimwa tiba. Katika majaribio yaliyopangwa vizuri sivyo ilivyo. Kundi la kulinganishia hupata huduma ile ile ambayo angepata asiyejiunga, deksamethasoni ikiwemo kama anahitaji oksijeni. Kinachoamuliwa kwa bahati nasibu ni nyongeza tu. Kama karatasi inasema vinginevyo, kwamba kuna kundi litakaloachwa bila steroidi ingawa linapumua kwa oksijeni, mimi nisingetia saini, wala nisingemruhusu ndugu yangu atie.

Halafu tazama ukubwa wa jaribio, kwa sababu majaribio makubwa na madogo hayajibu swali moja. Chukua mfano: vifo ni 20 katika kila 100, na unatumaini dawa itavishusha hadi 17. Kwa hesabu ya kawaida ya takwimu unahitaji watu wapatao 2,600 kila upande, zaidi ya 5,000 kwa jumla, ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuiona tofauti hiyo. Hakuna kitengo cha dayalisisi chenye watu hao, wala vitengo 50 haviwezi kuwapata wote wakiwa wameambukizwa. Jaribio dogo la watu 60 wa dayalisisi pekee linalotangaza "dawa yetu inapunguza vifo" linaahidi lisichoweza kukipima. Jaribio dogo hilo hilo likisema linataka kujua dawa inabaki kiasi gani kwenye damu baada ya kikao, CRP inashuka kwa kasi gani, na wangapi wanapata maambukizi ya katheta, hapo linauliza kitu chenye jibu. Na jibu hilo ndilo linalokosekana.

Tena hakuna mahali rahisi pa kulipata kuliko kitengo cha dayalisisi. Mgonjwa yupo mara 12 au 13 kwa mwezi. Damu yake iko nje ya mwili tayari, inazunguka kwenye mirija. Sampuli hutolewa bila kumchoma sindano ya ziada. Uzito, presha na joto huandikwa kila kikao. Ndiyo maana sababu ya "ni vigumu kuwafuatilia", inayotolewa kila wanapoachwa nje, siikubali. Uingereza ilionyesha inawezekana: jaribio la PROTECT-V, lililoendeshwa kutoka Cambridge, lilijengwa mahususi kwa watu wa figo, wa dayalisisi wakiwemo, na miongoni mwa dawa lilizozichukua ni siklesonidi, steroidi ya kuvuta. Na nje ya korona, klazakizumabu, kingamwili inayoizuia intalukini-6 yenyewe, imejaribiwa kwa watu 127 wa dayalisisi kwa ajili ya kulinda moyo; kwa sindano moja kila wiki 4, CRP za walioipata zilishuka kwa zaidi ya asilimia 85 katika wiki 12. Hilo halisemi kwamba inatibu korona. Linasema kwamba dawa za aina hii zinaweza kupimwa kwa watu hawa, kwa dozi zilizopangwa kwa ajili yao.

Kama mgonjwa wa dayalisisi aliyelazwa angeniuliza, ningemwambia hivi: jaribio kubwa linaloruhusu watu wa figo, ingia, jaribio dogo linalopima usalama na dozi, ingia kama katheta yako ni safi na huna maambukizi mengine, jaribio lolote linalokuomba uache deksamethasoni wakati unapumua kwa oksijeni, kataa. Una haki ya kujitoa siku yoyote, na kujitoa hakuondoi kiti chako kitengoni. Hilo la kiti liulizwe kwa sauti, mbele ya msimamizi wa kitengo, kwa sababu wagonjwa wengi hukubali au hukataa kwa kuogopa kupoteza nafasi yao ya mashine.

Muulize pia anayekuletea karatasi: dawa itatolewa siku ya kikao au siku ya mapumziko, na kama ni siku ya kikao, ni kabla ya mashine au baada? Nani atapima sukari yangu nikisharudi nyumbani? Nikipata homa wiki 3 baada ya sindano, nimpigie nani, na je, huyo mtu atajua kwamba CRP yangu haiwezi kuaminika tena? Aliyepanga jaribio akiwafikiria watu wa dayalisisi atakuwa na majibu hayo mdomoni. Anayelazimika kwenda kuuliza kwanza, mpe muda akaulize, kisha arudi na karatasi yake.